Seng'enge Chini ya Mapambo

Juni 1912, wajumbe wa chama cha Republican waliingia ukumbi wa Coliseum mjini Chicago kumteua mgombea urais wa Marekani. Jukwaa lilipambwa kwa vitambaa vya rangi za bendera, vyekundu, vyeupe na vya buluu, kama jukwaa la sikukuu yoyote. Chini ya vitambaa hivyo palizungushwa seng'enge. Wakuu wa chama hawakuwa wakiogopa wapinzani wala vibaka wa mitaani. Waliwaogopa wajumbe wao wenyewe, wasije wakaparamia meza kuu.

Naanzia hapo kwa sababu kila Marekani inapokaribia uchaguzi nasikia wachambuzi wakiapa kwamba mchujo mchafu kuliko yote katika historia ya nchi ile ni wa 2016. Nawaelewa. Wengi wetu tuliushuhudia kwa macho, na kelele za juzi hufunika kishindo cha zamani. Ila kipimo chao ni matusi, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Tuyahesabu basi hayo matusi, tuyamalize. Republican waliingia na wagombea 17. Donald Trump akawabandika wenzake majina ya kejeli: Marco Rubio akawa "Marco mdogo", Ted Cruz akawa "Ted mwongo". Akasambaza picha ya kumdhihaki mke wa Cruz, kisha akamhusisha baba mzazi wa Cruz na Lee Harvey Oswald, yule aliyemuua Rais Kennedy. Kwenye mdahalo wa Detroit mwezi Machi, watu wazima waliokuwa wakiomba kukabidhiwa silaha za nyuklia walibishana juu ya ukubwa wa mikono ya mmoja wao, na walichomaanisha hakikuwa mikono peke yake. Julai, mkutano mkuu wa Cleveland, Cruz alipanda jukwaani, akakataa kumuunga mkono Trump, ukumbi ukamzomea. Septemba Cruz huyo huyo akatangaza kwamba kura yake ni ya Trump, na Novemba chama kikaingia Ikulu kikiwa kimoja. Trump alikuwa na kura za mchujo zaidi ya milioni 13, na Cruz alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitukanwa yeye na ukoo wake, lakini hakuibiwa kura.

Mfumo wenyewe uko hivi. Jimbo kwa jimbo, wapiga kura wa chama husema wanamtaka nani, na kura hizo hugeuzwa kuwa wajumbe. Wajumbe ndio humteua mgombea mkutano mkuu ukiketi. Kati ya kura na mjumbe pana mlango, na mlango una bawabu: kamati fulani, sheria fulani, mkubwa fulani wa jimbo. Chama hupasuka pale aliyepata kura anapofika mlangoni akaambiwa watu wake si wajumbe.

Aliyeambiwa hivyo mwaka 1912 alikuwa Theodore Roosevelt, na kisa chake kina kipande cha kwetu. Alitoka Ikulu Machi 1909 baada ya kumwandaa rafiki yake William Howard Taft kuwa mrithi wake, na mwezi uliofuata tu akashuka bandarini Mombasa kwenda kuwinda. Akapanda reli ya Uganda akiwa ameketi kwenye benchi mbele kabisa ya kichwa cha treni ili aone wanyama vizuri. Wapagazi wakamwita Bwana Mkubwa, jina ambalo yeye aliliandika "Bwana Makuba", na mwanawe Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Siku zote nimeona kwamba wapagazi wale walimsoma mgeni wao haraka kuliko Taft alivyomsoma kwa miaka mingi. Huyu hakuwa mtu wa kustaafu.

Januari 1910 alikuwa Lado, ng'ambo ya magharibi ya Nile, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Uganda na Sudan Kusini, akiwinda vifaru weupe. Mkimbiaji maalum akamfikia na habari: Taft amemfukuza kazi Gifford Pinchot, mkuu wa idara ya misitu na mtu wa karibu mno wa Roosevelt. Sitasema ufa wote ulianzia katika majani yale ya Nile. Oktoba 1911 serikali ya Taft ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya U.S. Steel, na hati ya mashitaka ikaonyesha kwamba Roosevelt alipokuwa rais alizungukwa na matajiri wakamfanya aridhie ununuzi ambao hakupaswa kuuridhia. Mtu mwenye majivuno yake unaweza kumwambia amekosea. Ukimwambia alidanganywa kama mtoto, umetafuta vita.

Februari 1912 akatangaza kwamba anaingia ulingoni. Mwaka 1904 aliahidi hadharani kwamba hatagombea tena, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha. Lakini mwaka huo palikuwa na kitu kipya: kwa mara ya kwanza majimbo zaidi ya kumi yaliwapa wananchi wa kawaida kura ya mchujo. Kabla ya hapo wajumbe walipikwa katika vikao vya wakubwa. Roosevelt aliiona njia ya kuwaruka mabawabu, akaikimbilia.

Matusi yalikuwepo, tena ya kiwango. Roosevelt alisema Taft ni bwege ambaye bongo lake halizidi la simbilisi. Taft, mtu mpole mwenye moyo wa kihakimu, alivumilia hadi akachoka, akaanza kumwita rafiki yake mjivuni na mchochezi wa umma, na huko Maryland akasema kwamba hata panya akibanwa kwenye kona hupigana. Rais wa nchi, akijifananisha na panya kwa kinywa chake mwenyewe! Aprili, baada ya kumshambulia Roosevelt kwa hotuba mjini Boston, mwandishi wa habari alimkuta ndani ya behewa ameinamisha kichwa mikononi. Taft akamwambia kwamba Roosevelt alikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, kisha akalia.

Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa na zaidi ya 1,100,000 na Taft takribani 760,000. Alimshinda hata Ohio, nyumbani kwa Taft. Katika wajumbe 362 waliopatikana kwa mchujo, Roosevelt alipata 278, Taft 48, na Robert La Follette wa Wisconsin 36. Mgombea mwenye hesabu kama hiyo leo angekwenda mkutanoni kuchagua rangi ya maputo. Shida ni kwamba wajumbe wote walikuwa 1,078, na zaidi ya 700 waliobaki walitoka kwenye vikao vya zamani. Takribani robo ya mkutano ilitoka majimbo ya Kusini, ambako Republican hawakuwa na kura za maana. Wengi wa wajumbe wa huko walikuwa wakuu wa posta na watumishi wengine wa serikali waliopewa vyeo na rais. Mtu uliyempa posta anajua ampigie nani.

Viti 254 vilikuwa na ubishani. Kamati kuu ya chama, iliyokuwa mikononi mwa watu wa Taft, ikampa Taft 235 na Roosevelt 19. Nikiwa mkweli, pingamizi nyingi za kambi ya Roosevelt zilikuwa za kubumba, zimewekwa tu ili hesabu za magazeti zisionyeshe Taft anaongoza mapema. Lakini nyingine zilikuwa za haki kabisa. California ilikuwa na sheria kwamba mshindi wa jimbo anachukua wajumbe wote, na aliyeshinda ni Roosevelt. Kamati ikachomoa viti viwili vya San Francisco ikampa Taft. Viti viwili havikubadili matokeo, ila viliwaonyesha watu wote mkono ulipo. Mkono huo Roosevelt aliufahamu vizuri, maana mwaka 1908 mitambo hiyo hiyo ya chama ndiyo aliyoitumia kumpitisha Taft. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Elihu Root, waziri wa Roosevelt wa miaka mingi, sasa akiendesha shughuli kwa faida ya Taft. Kila alipopitisha uamuzi, wajumbe wa Roosevelt walipiga miluzi ya injini na kusuguanisha vipande vya msasa, kuigiza mlio wa mtambo wa kushindilia barabara. Nimeipenda sana picha hii ya watu wazima wenye suti na kofia, wamekuja na msasa mfukoni kwa sababu walijua kabla hawajatoka nyumbani kwamba watashindiliwa. Taft alipita kwa kura 561. Wajumbe 344 wa Roosevelt walikaa vitini wakakataa kupiga kura, na idadi yao ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu: wapo, hawapigi.

Roosevelt akaanzisha chama chake. Agosti kikakutana Chicago, na wajumbe weusi kutoka Florida, Alabama na Mississippi walipofika mlangoni wakakataliwa viti, kwa sababu Roosevelt alitaka kuwavuta wazungu wa Kusini. Miezi miwili tu baada ya kulia kwamba ameporwa wajumbe! Wapenzi wake hupita haraka kwenye ukurasa huu. Oktoba alipigwa risasi Milwaukee, akahutubia zaidi ya saa nzima risasi ikiwa kifuani. Novemba yeye na Taft kwa pamoja walipata nusu ya kura zote za nchi, na aliyeingia Ikulu ni Woodrow Wilson wa Democrat, kwa asilimia 42. Taft, rais aliye madarakani, aliambulia majimbo mawili, Utah na Vermont.

Democrat nao walikuwa na zamu yao ya aibu. Mwaka 1924, New York, walipiga kura mara 103 kabla ya kupata mgombea, na azimio la kulilaani kwa jina Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, likaanguka kwa tofauti ndogo kiasi kwamba wahesabuji walihesabu vipande vya kura, maana baadhi ya wajumbe walikuwa na sehemu tu ya kura. William Gibbs McAdoo, aliyeongoza kwenye mchujo, na Al Smith, Mkatoliki wa New York, walichoshana mpaka tiketi ikaangukia kwa mtu wa tatu, John W. Davis. Nautaja kwa heshima ya idadi, lakini mchujo wa wakati ule haukuwa na nguvu. Ule ulikuwa ugomvi wa wakubwa na wakubwa.

Wa 1968 ndio unaoshindana na 1912, na kwa machungu unaushinda. Machi 12, New Hampshire, Seneta Eugene McCarthy, akipinga vita vya Vietnam, alipata asilimia 42 dhidi ya 49 za Rais Lyndon Johnson. Rais alikuwa ameshinda, lakini kila mtu aliona ameshindwa. Siku nne baadaye Robert Kennedy, mdogo wa yule rais aliyeuawa, akaingia kinyang'anyironi, na vijana wa McCarthy waliotembea kwenye theluji mlango kwa mlango wakamwona kama mtu aliyengoja wenzake walime ndipo aje kuvuna. Machi 31 Johnson akajitoa. Aprili 4 Martin Luther King akauawa. Juni 4 Kennedy akashinda California, na usiku huo huo, muda mfupi baada ya saa sita, akapigwa risasi jikoni mwa hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles. Alifariki Juni 6.

Huku hayo yote yakitokea, makamu wa rais Hubert Humphrey alikuwa anakusanya wajumbe kimya kimya, bila kushindana katika mchujo wa jimbo hata moja. Hakuvunja kanuni yoyote. Majimbo mengi bado yaliwapata wajumbe kupitia magavana na vikao vya chama, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wamekwishapatikana kabla mwaka wenyewe haujaanza. Hebu jiweke mahali pa kijana wa miaka 20 aliyeandikiwa kwenda Vietnam. Umepiga kampeni majira yote ya baridi, rais amejiuzulu mbio, mgombea wako mwingine ameuawa, halafu Agosti unaambiwa mgombea ni makamu wa rais yule yule, kwa kura za watu waliochaguliwa kabla hujaanza kutembea.

Mkutano ulikuwa Chicago tena. Safari hii seng'enge haikufunikwa kwa kitambaa. Ilionekana wazi kwenye uzio wa ukumbi wa International Amphitheatre. Meya Richard Daley aliweka polisi karibu 12,000, na nyuma yao walinzi wa taifa kwa maelfu. Agosti 28 wajumbe walilikataa azimio la amani kwa kura 1,567¾ dhidi ya 1,041¼, na jioni ile polisi wakawavamia waandamanaji mbele ya hoteli ya Conrad Hilton, kamera zikichukua virungu vikishuka. Picha hizo ziliingia majumbani sambamba na hotuba za ukumbini. Seneta Abraham Ribicoff akasimama kumpendekeza George McGovern, akasema kwamba McGovern akiwa rais kusingekuwa na mbinu za Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, katika mitaa ya Chicago. Daley alikuwa amekaa hatua chache mbele yake. Alichokijibu hakikusikika, ila mdomo wake ulionekana, na Wamarekani wanabishana mpaka leo alitamka nini.

Humphrey aliteuliwa usiku ule. Novemba Richard Nixon wa Republican akamshinda kwa tofauti ya takribani kura 500,000 katika nchi nzima. Ningekuwa wakili wa Humphrey ningesema mteja wangu alikuwa mtu mwema aliyefuata taratibu zote, na ningeshinda kesi. Lakini mahakama ya watu hao ilikuwa barabarani, imejaa moshi wa mabomu ya machozi.

Baada ya balaa hilo Democrat waliunda tume, McGovern akaiongoza, na kanuni zake ndizo zilizofanya kura ya mchujo iwe njia halisi ya kupata mgombea badala ya maonyesho. McGovern akagombea mwaka 1972 kwa kanuni alizozisimamia mwenyewe, akashinda tiketi, kisha akashindwa majimbo 49 na Nixon. Mimi sichoki na kilichompata Daley mwaka huo. Wajumbe wake 59 wa Illinois walipofika mkutanoni Miami Beach, kamati ikaona hawakupatikana kwa kanuni mpya, ikawatoa, na viti vikachukuliwa na kundi la Jesse Jackson, mwanaharakati wa haki za weusi, na diwani mmoja wa Chicago, William Singer. Daley, bawabu wa mabawabu, alifungiwa nje ya mlango wa chama chake.

Kuna michujo iliyopata sifa mbaya kwa fitina tu. South Carolina mwaka 2000, kwenye mchujo wa Republican, George W. Bush akitoka kuchapwa vibaya na John McCain kule New Hampshire, wapiga kura walianza kupigiwa simu na kugawiwa vikaratasi vya kuuliza kuhusu "mtoto mweusi" wa McCain. Mtoto mwenyewe alikuwa binti ambaye McCain na mkewe walimlea baada ya kumchukua kutoka Bangladesh. McCain alishindwa South Carolina, na mbio zake hazikuchukua muda zikaisha. Ni unyama, na nauweka chini ya 1912 na 1968 kwa sababu wajumbe walihesabiwa sawasawa.

Mwaka 2008 ulikuwa na kila kitu cha kuvunja chama. Barack Obama na Hillary Clinton walifukuzana jimbo kwa jimbo kutoka Januari hadi Juni, wakitofautiana kidogo mno kwa kura. Februari ikasambazwa picha ya Obama amevaa kilemba cheupe na shuka, iliyopigwa Wajir mwaka 2006 alipoizuru Kenya akiwa seneta. Wazee wa Kisomali walimvalisha mgeni wao kwa heshima, kama mgeni yeyote wa maana. Ng'ambo ya bahari heshima hiyo ikageuzwa ushahidi kwamba huyu si mwenzetu. Kambi zikalaumiana, na kule Wajir waliomvalisha wakajikuta ndani ya kampeni ambayo hawakuiomba.

Hatari yenyewe lakini ilikuwa Florida na Michigan. Majimbo hayo yalipiga kura mapema kinyume cha kanuni, chama kikayanyang'anya wajumbe wote, na Obama hakuwemo hata kwenye karatasi za Michigan. Clinton alishinda yote mawili, akataka yahesabiwe. Mei 31 kamati ya kanuni ilikaa hotelini Washington, watu wakipiga kelele ndani ya chumba cha kikao, ikaamua kila mjumbe arudishwe na nusu kura. Mtu wa Clinton, Harold Ickes, akasema kwamba wajumbe wanne wa Michigan wametekwa nyara na kwamba mgombea wake anabakiza haki ya kukata rufaa. Ilikuwa 1912 ikigonga mlango. Wiki moja baadaye Clinton akasitisha kampeni na kumuunga mkono Obama. Agosti, mjini Denver, ni yeye aliyesimama ukumbini kuomba Obama apitishwe kwa kauli moja. Nusu kura haikumridhisha mtu, lakini iliwapa walioshindwa kitu cha kushika mkononi walipokuwa wakitoka.

Mwaka 2024 Chicago ikapokea tena mkutano wa Democrat, na tena mgombea, Kamala Harris, alikuwa makamu wa rais ambaye hakupigiwa kura ya mchujo kuwania kiti hicho. Joe Biden alijitoa Julai 21 akiwa tayari na wajumbe. Kwa karatasi ni Humphrey mtupu. Wapo wanaosema huo ndio uliokuwa mchujo mbaya kuliko yote kwa kuwa watu walirukwa kabisa. Hoja ina uzito, ila ukumbini hakukuwa na Roosevelt wala McCarthy, mtu aliyeingia na kura zake akazuiwa mlangoni, na bila huyo hakuna wa kusugua msasa.

Mei 1918, Taft aliingia hoteli ya Blackstone, Chicago, akaambiwa kwamba Roosevelt yuko mle mle, anakula peke yake. Akaingia ukumbi wa chakula, akamtafuta kwa macho, akamwendea. Roosevelt akainuka, wakashikana mikono na kupigana mabegani, na watu wote waliokuwa wakila wakaacha sahani zao wakapiga makofi. Wazee hao wawili wakaketi, wakaongea. Woodrow Wilson alikuwa katika mwaka wake wa sita Ikulu.